Dorkasi na Mgeni wa Nyotani

Nyumbani kwa Dorkasi kulikuwa na vigoda vitatu na makalio ya mtu mmoja. Kigoda cha kwanza kilikuwa chake. Cha pili kilikuwa cha marehemu mumewe, Abrahamu, na hicho alikigeuza kifudifudi karibu na ukuta ili asijisahau akamsogezea mtu asiyekuwepo. Cha tatu kilikuwa cha mgeni. Kilikaa mlangoni, kivulini, kinafutwa vumbi kila asubuhi, na tangu kichongwe hakuna mtu aliyewahi kukikalia. Kuku walikikalia, hilo sikatai. Lakini kuku hapigi hodi.

Kupigiwa hodi ndiyo haja kubwa aliyokuwa nayo Dorkasi duniani. Hakutaka mali, hakutaka mume mwingine. Alitaka mtu mmoja wa Mkwajuni asimame mlangoni pake, aseme hodi, aingie, akae, aulizwe habari za nyumbani. Alitaka hivyo tangu mwaka wa arobaini na tisa, na mambo haya ninayoyasimulia yalitokea mwaka wa hamsini na sita.

Yeye na Abrahamu walikuwa Washambaa wa Mlalo, watu wa milimani na wa kanisa la Kilutheri. Ujana wao ulikwisha katika shamba la mkonge, Abrahamu akihudumia mashine ya kusaga majani, ile waliyoiita korona, mpaka vumbi la nyuzi likamwingia kifuani. Kurudi Mlalo hakuweza, baridi ya kule ingemmaliza kabla ya Krismasi. Ndipo akanunua kiwanja na nyumba ya udongo pale Mkwajuni, kijiji cha Mtang'ata, kusini ya mji wa Tanga, apate kupumua hewa ya joto. Watu wa Mkwajuni walikuwa Waislamu tangu babu wa babu zao, wavuvi na wenye minazi. Abrahamu alisema hilo si neno, mtu ni mtu.

Sasa, kule kwao Dorkasi anayehamia mahali haendi kujipitisha kwa watu. Huo ungekuwa utovu wa adabu, kama kuingia jikoni kwa mtu na kufunua chungu. Mgeni hufungua mlango wake, hukaa, hungoja, na jiko lake haliwashi. Jirani wa karibu ndiye huja kwanza, ameshika kigae chenye kaa la moto kutoka jikoni kwake mwenyewe. Moto huo ndio huwasha jiko jipya. Tangu hapo mgeni si mgeni tena.

Basi wakafika Mkwajuni, wakafungua mlango, wakakaa. Abrahamu alikuwa amechonga vigoda vitatu vya mti wa mvule, na cha tatu akakinakshi kidogo pembeni kwa sababu kilikuwa cha huyo atakayeleta moto. Jua likazama. Watu walipita njiani wakawasalimu vizuri sana, hujambo bwana, hujambo bibi, wakaenda zao.

"Watakuja kesho," alisema Abrahamu.

Siku ya tatu Dorkasi aliwasha jiko kwa kiberiti huku analia. Tangu siku hiyo hakuuacha moto wake uzimike, maana ungezimika na kiberiti kimekwisha angelazimika kwenda kuomba, na kuomba kitu ambacho ulistahili kuletewa ni jambo gumu. Labda ni kiburi. Mwiteni mwenye kiburi mkitaka, lakini kwanza mngelala naye kwenye nyumba ile.

Jirani wa karibu alikuwa Saleha, mwanamke wa umri wake, ambaye baadaye naye alifiwa na mumewe. Kati ya nyumba zao palikuwa na ua wa makuti tu, na kwa masikio Dorkasi alimjua Saleha kuliko alivyowajua ndugu zake. Alijua akikuna nazi kwa hasira na akikuna kwa furaha. Alijua kikohozi chake cha asubuhi. Alijua jogoo wake anaitwa Bwana Shauri na kwamba hutukanwa kila siku kabla ya chai. Siku nyingine Saleha alisimulia kichekesho kwa wageni wake, na Dorkasi, upande wa pili wa makuti, akacheka peke yake akiwa ameziba mdomo kwa kanga. Kisimani waliulizana hali. "Hujambo mwenzangu?" "Sijambo, Bi Saleha." Kisha kila mmoja akajitwika ndoo yake.

Kifua cha Abrahamu kilipozidi alipakiwa kwenye lori la Sadalla, dereva aliyechukua nazi kupeleka mjini, akapelekwa hospitali. Kabla lori halijaondoka alimshika mkewe mkono.

"Usiwachukie," alimwambia. "Si watu wabaya hawa. Hawatutaki tu."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho aliyoyasema akiwa Mkwajuni. Alifia mjini, akazikwa na watu wa kanisa, na matanga yakakaliwa hukohuko mjini, mtaa wa Usagara. Dorkasi aliporudi, wanawake kisimani waliweka ndoo chini wakampa pole, na Saleha alimtazama kama anayetaka kuongeza neno. Hakuongeza. Wote walikuwa wanajua kwamba Mshambaa ana watu wake mjini. Dorkasi akaenda nyumbani, akakigeuza kile kigoda, na upweke ukawa ndio mwenye nyumba.

Alivumilia miaka mingine. Alilima mihogo na mchicha, Jumapili alikwenda kanisani, jioni alikaa mlangoni na kigoda kitupu ubavuni. Mwisho akachoka. Kaka yake Timotheo alimpelekea salamu kutoka Mlalo kwamba kuna chumba nyuma ya nyumba, karibu na zizi, arudi tu. Chumba cha karibu na zizi hakikumvutia mtu, wala mke wa Timotheo hakuwa mwepesi wa maneno matamu. Lakini huko angalau watu wangegombana naye. Alipatana na Sadalla ampitie siku fulani asubuhi, amfikishe Muheza, apande basi la milimani.

Siku moja kabla ya safari hiyo, alasiri, gari la sinema la serikali likaingia Mkwajuni.

Lilikuwa gari kubwa, limefungwa ubavuni, halina madirisha, na gari la namna hiyo halikosi maneno. Watu walikumbuka habari za mumiani, wale wanaonyonya watu damu, akina mama wakaita watoto, milango ikafungwa. Kisha akashuka mtu mmoja mwembamba mwenye miwani. Alivua kofia. Alikwenda moja kwa moja kwenye baraza ya Mwinyijuma, jumbe wa kijiji, akapiga hodi, akatoa shikamoo, akasema yeye anaitwa Ernesti, kwao Muheza, amekuja na picha. Halafu akapita nyumba hadi nyumba zote zilizouzunguka uwanja, hodi hapa, hodi pale, hali zenu. Kabla ya magharibi alikuwa ameketi barazani anakula wali wa nazi kwa samaki, na vijana wanamsimikia nguzo za kitambaa cheupe.

Dorkasi aliona hayo akiwa anakusanya majani ya kufungia mizigo, na yalimkera mpaka kooni.

"Amefika leo," alisema kwa sauti, ingawa hapakuwa na wa kumsikia. "Mkristo kama mimi, wa bara kama mimi. Amefika leo na wali ameshakula."

Alijiambia ni kwa sababu ya serikali. Mtu wa serikali nani asimlishe?

Baada ya sala ya isha kijiji kizima kilikuwa uwanjani. Dorkasi hakutaka kwenda, kisha akaona ni jioni yake ya mwisho, hata akicheka kidogo hatadhuru mtu. Akajitanda kanga, akaketi mchangani nyuma ya wanawake, karibu na mgongo wa Saleha.

Picha ya kwanza ilikuwa ya mbu. Ernesti alisimama pembeni na kipaza sauti, anaeleza kila kinachoonekana. Mbu alipotokea mkubwa kuzidi nyumba, wazee walishusha pumzi kwa furaha wakasema hao hapa kwetu hawapo, sisi wetu ni wadogo. Ernesti alikata tamaa ya mbu mapema.

"Sasa," alisema, "nina picha nyingine. Si ya mafundisho. Hii ni hadithi ya kubuni, wamebuni Wazungu, ya mgeni aliyetoka kwenye nyota."

Kwenye kitambaa ukatokea mji mdogo wa Wazungu, na juu yake kitu cha mviringo, kinang'aa, kinashuka polepole mpaka kwenye nyasi. Mlango ukafunguka. Akatoka mtu mrefu, hana nywele, amevaa nguo moja tangu shingo hadi miguu. Akasimama mlangoni pa chombo chake. Hakusema neno. Wenyeji wa mji ule wakakusanyika mbali kidogo na kofia zao, wakamtazama. Nao hawakusema neno. Mmoja alikimbia. Bibi mmoja alizimia. Wengine walipiga magoti wakaomba, wengine walikwenda kuchukua bunduki. Na yule mgeni amesimama tu, mikono wazi.

Ernesti hakuwa na la kufasiri kwa kuwa hakuna aliyesema kitu. Mkwajuni ikaona ni wajibu wake kusaidia.

"Kha! Mbona hawampi kiti?" aliuliza mwanamke mmoja.

"Maji kwanza," alisema mwingine. "Katoka mbali huyo."

"Yeye mwenyewe je?" Hiyo ilikuwa sauti ya Mwinyijuma, na jumbe akisema wengine huacha nafasi. "Kaja kwenye mji wa watu, kasimama mlangoni kwake kama kanunua ardhi. Salamu yake iko wapi? Mgeni ndiye anayepiga hodi. Apite, ajitaje jina, aseme nimekuja. Asipopita watu watajuaje anataka nini?"

"Kweli kabisa, jumbe," alisema Saleha. "Asiyepita hataki kusumbuliwa. Na mtu asiyetaka kusumbuliwa, heshima yake ni kumwacha."

Watu waliitikia kwamba hapo Saleha amesema. Walikuwa wanajibu jambo wanalolijua tangu utotoni, kwamba mhamiaji Mkwajuni hupita mlango hadi mlango, kama alivyopita Ernesti alasiri ile, na asiyepita huachwa na faragha yake kwa adabu zote.

Dorkasi alisikia kila neno. Mwanzoni hakulielewa, kwa sababu macho yake yalikuwa kwa yule mtu wa nyotani. Alimwona amechoka. Alimwona amefungua mlango. Kitu kikapanda ndani yake, na yeye ambaye hakuwahi kupaza sauti katika kijiji kile akajikuta amesimama.

"Amefungua mlango!" alipiga kelele. "Hamwoni? Mlango uko wazi! Anawangoja! Mwenyeji ndiye anayeanza, mwenyeji!"

Vichwa vyote viligeuka. Ernesti aliinua kipaza sauti, mtu mpole, akauliza, "Mama, anangoja nini?"

"Moto!" alisema Dorkasi. "Anangoja jirani amletee moto wa kuwashia jiko. Kwani jiko lake atawasha na nini, na kiberiti?"

Uweso, kijana mmoja mwenye mdomo, akajibu toka mbele, "Moto si huo unakuja, mama? Wameshika bunduki!"

Uwanja mzima ulicheka. Hawakucheka kwa ubaya, lakini kicheko ni kicheko. Na kweli pale kwenye kitambaa moshi ulitoka kwenye bunduki. Mgeni alijishika bega, akarudi nyuma. Aliwatazama wenyeji mara moja tena, akafunga mlango. Chombo kikapanda, kikawa kidogo, kikawa nyota kati ya nyota, na picha ikaishia hapo.

"Wamefanya vibaya," walisema watu wa Mkwajuni wakijikung'uta mchanga. "Hata maji hawakumpa."

Dorkasi alikuwa bado amesimama. Alikuwa analia waziwazi, kwa ajili ya mtu wa kubuniwa aliyepanda mbinguni na bega bovu, na sasa maneno ya Saleha yalikuwa yanamwingia moja moja. Asiyepita hataki kusumbuliwa. Heshima yake ni kumwacha. Kwa hiyo miaka yote ile walikuwa wanamheshimu. Walikuwa wamekaa kila mtu kwake, wanangoja, kama yeye alivyongoja.

Saleha aligeuka, akamtazama kwa mwanga wa gari.

"Kwenu ndivyo?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Huletewa moto?"

"Kwetu ndivyo."

Umati ukapita katikati yao.

Asubuhi Dorkasi alimaliza kufunga mizigo. Alimwaga maji jikoni, makaa yakalia, yakafa. Ukitoa siku za matanga, jiko lile lilikuwa halijawahi kupoa tangu lile juma la kwanza, na nyumba ikawa na baridi ambayo haikutokana na hewa. Kigoda cha Abrahamu alikifunga pamoja na chake. Cha mgeni alikiacha mlangoni. Kule kwenye chumba cha karibu na zizi kingemkalisha nani?

Alikaa kidogo akisikiliza lori. Kisha akainuka. Alijiambia kwamba kuondoka ataondoka, lakini haondoki bila kupiga hodi hata mara moja katika kijiji alichokaa siku zote hizo. Akanawa uso, akajitanda vizuri, akashika njia ya barabarani kuuzunguka ua, maana mlango wa Saleha uliangalia huko. Ni mwendo mfupi mno.

"Hodi," alisema.

Bwana Shauri tu ndiye aliyemtazama, kwa jicho moja.

"Hodi, Bi Saleha."

Kimya. Kwa miaka aliyosikiliza wageni wa jirani yake alikuwa amejifunza kwamba hodi hupigwa mara tatu, na ya tatu isipoitikwa mtu hugeuka akaenda zake bila kinyongo. Alisimama. Alikumbuka maneno ya Abrahamu alipokuwa juu ya lori, hawatutaki tu, na akaona haya mbele ya jogoo.

"Hodi," alisema mara ya tatu, na sauti haikufika mbali.

"Karibu!"

Sauti ilikuwa ya Saleha. Lakini haikutoka ndani ya nyumba ya Saleha. Ilitoka ng'ambo ya makuti, kutoka nyumbani kwake Dorkasi mwenyewe.

"Karibu, mwenzangu, karibu sana, ila mimi huko sipo! Nimepita njia ya kisimani. Niko kwako huku nakupigia hodi, na vidole vinaniungua!"

Dorkasi alirudi mbio, na tangu harusi yake alikuwa hajakimbia. Alimkuta Saleha amesimama mlangoni pake, kanga imemshuka kichwani, ameshika kigae kwa mikono miwili, na ndani ya kigae kaa moja limevaa majivu. Jikoni hakuingia, na kigoda hakukikalia. Alikuwa anangoja mwenyewe aitike.

Dorkasi alipaswa kusema karibu. Badala yake alisema jambo lililokuwa limemkaba.

"Mume wangu amekufa akijua hatutakiwi."

Saleha hakujitetea. Machozi yalimtoka palepale, na mikono imeshika kigae, hakuwa na mkono wa kuyafutia.

"Na mimi wangu alikufa akisema yule Mshambaa ana nyumba nzuri, sijui kwa nini hapendi watu," alisema. "Aliwasikia mnacheka huku jioni. Alitamani sana kuja. Nikamwambia waache, usiwasumbue."

Wakatazamana.

"Karibu," alisema Dorkasi. "Karibu ndani. Hongea," akashukuru kwa lugha ya kwao.

Walipiga magoti mbele ya jiko lililolowa. Waliondoa majivu mabichi, wakaweka vifuu vya nazi na makumbi makavu, wakalilaza lile kaa katikati, wakalipuliza kwa zamu, shavu karibu na shavu. Lilikataa. Likafuka moshi, likawatia kikohozi wote wawili, na Dorkasi alikitambua kile kikohozi cha jirani yake, safari hii bila makuti katikati. Kisha kumbi moja likashika.

Saleha alitafuta pa kukaa kwenye nyumba iliyokwisha kufungwa mizigo, akataka kujiweka sakafuni. Dorkasi alikwenda mlangoni akakileta kile kigoda, akakifuta kwa upindo wa kanga ingawa kilikuwa safi.

"Kikalie hiki."

"Kizuri," alisema Saleha akipapasa nakshi za pembeni. "Alikichonga nani?"

"Abrahamu. Alikichonga kwa ajili yako, kabla hajajua unaitwa nani."

Saleha alikaa taratibu, kama kigoda kina uhai. Ndipo honi ya Sadalla ikalia barabarani, mara mbili, halafu akashuka mwenyewe akaja mpaka uani, anauliza mizigo iko wapi, jua linapanda.

Dorkasi alisimama mlangoni, uso umejaa majivu. Nyuma yake moto ulikuwa unaanza kusikika.

"Nenda, mwanangu," alimwambia. "Leo sitoki. Nina mgeni."